Dubai au Istanbul? Namna ya Kuamua Kabla ya Kukata Tiketi

Katika familia nyingi za Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi na Mombasa, mazungumzo ya likizo ya nje huanza na miji kumi na kuishia na miwili, yaani Dubai na Istanbul. Ndege za moja kwa moja zipo, chakula halali hakihitaji kutafutwa kwa tochi, na karibu kila ukoo una shangazi au mjomba aliyewahi kwenda katika mmoja wa miji hiyo kufunga mzigo wa duka. Tatizo ni kwamba maelezo ya shangazi huyo ni ya mfanyabiashara. Anaijua mitaa ya biashara, Deira ya Dubai au Laleli ya Istanbul, kama anavyoijua Kariakoo, lakini huenda hajawahi kukaa saa moja kando ya maji bila kukimbilia kwa wasafirishaji wa mizigo. Mwongozo huu ni wa mtu anayekwenda kupumzika kwa siku tano hadi nane, kwa fedha zake mwenyewe. Nimefika katika miji yote miwili zaidi ya mara moja, na pale ninapopendelea mmoja nitasema wazi.

Hatua ya kwanza: Anza na kalenda

Watu wengi huanza na bei ya tiketi, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu miji hii miwili ina misimu inayokinzana, na mwezi ulioruhusiwa kazini au shuleni unaweza kumaliza ubishi wote kabla hujafungua tovuti yoyote ya ndege.

Dubai iko kwenye jangwa la pwani ya Ghuba. Kuanzia Juni hadi Septemba joto la mchana hupita nyuzi 40 za Selsiasi, na kwa kuwa bahari iko karibu, hewa huwa na unyevu mwingi hivi kwamba miwani hufunga ukungu mara tu unapotoka kwenye kiyoyozi. Nilikwenda huko Julai mara moja tu, kwa kuvutiwa na hoteli zilizoshusha bei, na siku ya pili nikaelewa kwa nini zilishusha: tulikuwa tukitoka hotelini kuingia ndani ya gari, kutoka ndani ya gari kuingia dukani, na watoto wakauliza kama ule ndio utalii wenyewe. Kinyume chake, kuanzia Novemba hadi Machi mchana mara nyingi huwa na nyuzi ishirini na kitu, jioni huwa na ubaridi wa kupendeza, na mji mzima huhamia nje.

Istanbul iko mbali kaskazini, kati ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Marmara, nayo ina majira manne ya kweli. Januari na Februari joto la mchana huwa karibu nyuzi 8 au 9, mvua hunyesha kwa vipindi, upepo wa baharini hupenya koti, na baadhi ya siku theluji huanguka. Aprili na Mei, kisha Septemba na Oktoba, ndiyo miezi bora. Julai na Agosti huwa na joto, lakini ni joto ambalo mtu wa Tanga au Mombasa hatalishangaa.

Sasa weka mambo hayo juu ya likizo za shule. Mzazi wa Tanzania ambaye watoto wake hufunga shule Juni hana sababu ya msingi ya kuchagua Dubai mwezi huo, ilhali Istanbul wakati huo ina mwanga wa jua hadi karibu saa tatu usiku. Mzazi wa Kenya mwenye likizo ya Aprili ataikuta Istanbul ikiwa katika wiki za maua ya tulipu, ambayo hupandwa kwa wingi katika bustani ya Emirgan. Agosti pia ni ya Istanbul. Desemba, kwa watu wa nchi zote mbili, ni ya Dubai, isipokuwa kama watoto wenu wanataka kuona theluji na mko tayari kununua makoti mtakayoyavaa mara moja tu.

Angalia pia Ramadhani, ambayo mwaka 2026 na 2027 inatarajiwa kuangukia kati ya Februari na Machi, katikati ya msimu mzuri wa Dubai. Huko mchana hupoa, saa za kazi hupunguzwa, na kula au kunywa barabarani mchana ni kukosa adabu, ingawa migahawa hufunguliwa. Usiku ndio wakati mji unapoamka. Istanbul migahawa mingi huendelea kama kawaida, na jioni uwanja wa Sultanahmet hujaa familia zilizotandika mikeka na vyakula zikisubiri adhana. Kwa Mwislamu hiyo ni safari yenye ladha yake. Jihadhari tu na siku za Sikukuu zenyewe, kwa kuwa soko kuu la Istanbul hufungwa.

Hatua ya pili: Hesabu miguu ya wasafiri

Andika majina ya wote mtakaosafiri, kisha mbele ya kila jina andika ni mwendo wa kiasi gani mtu huyo anaweza kutembea kwa siku bila kulalamika. Istanbul ni mji wa vilima. Mitaa ya zamani imetandikwa mawe, ngazi ni nyingi, na kutoka gati la vivuko la Eminönü kupanda hadi Msikiti wa Süleymaniye ni kazi hata kwa kijana. Bibi mwenye magoti mabaya atakiona kilele cha kilima kutoka chini, naye atasema hajambo, kwa sababu hataki kuwaharibia safari. Tramu ya T1, inayopita Laleli, Sultanahmet na Eminönü, husaidia sana, lakini mwisho wa tramu ndio mwanzo wa kupanda.

Dubai ni tambarare. Lifti zipo kila mahali, vijia vina miteremko ya kiti cha magurudumu, na metro, iliyozinduliwa tarehe 9 Septemba 2009 na isiyo na dereva, ina behewa la wanawake na watoto. Ugumu wake ni umbali, kwa sababu mji umenyooka kama utepe kando ya Barabara ya Sheikh Zayed, na kutoka Deira hadi mtaa wa pwani wa Marina ni mwendo wa karibu saa nzima ndani ya treni. Kwa hiyo kwa safari yenye wazee au watoto wadogo nachagua Dubai bila kusita, na kwa safari ya watu wazima wawili wenye viatu vizuri nachagua Istanbul.

Hatua ya tatu: Jiulize mtafanya nini siku ya nne

Siku ya kwanza hadi ya tatu mji wowote mkubwa hupendeza. Siku ya nne, baada ya vivutio vya kwenye picha kumalizika, ndipo unapojulikana kama umechagua vema, na ndiyo sababu ninapendekeza uandike ratiba ya siku hiyo kwanza.

Kwa Dubai, siku tatu za mwanzo zinajijaza: Burj Khalifa yenye urefu wa mita 828, chemchemi zinazocheza jioni bila malipo chini yake, safari ya jangwani, bustani za michezo ya maji. Siku ya nne watu wengi hurudi kwenye maduka makubwa, na hapo ndipo fedha zinapoyeyuka. Ushauri wangu ni kuitumia siku hiyo katika Dubai ya zamani, pande zote mbili za mkono wa bahari uitwao Khor. Anzia mtaa wa Al Fahidi, wenye nyumba za minara ya kukamatia upepo, kisha vuka kwa abra, mashua ndogo ya abiria ambayo nauli yake kwa miaka mingi imekuwa dirhamu 1 tu. Upande wa Deira utakuta majahazi ya mbao yamefungwa gatini yakipakia majokofu, matairi na magunia. Kwa mtu wa pwani yetu mandhari hiyo si ngeni: vyombo vya Ghuba vilikuja kwetu kwa kaskazi na kurudi kwa kusi kwa karne nyingi, vikipeleka boriti za mikoko ambazo ziliezekea nyumba za huko. Ukizitazama dari za nyumba za zamani za Al Fahidi, huenda unatazama mikoko ya delta ya Rufiji au ya Lamu. Hilo pekee, kwangu, lina thamani kuliko mnara wowote.

Kisha pita soko la dhahabu. Bei ya gramu hutangazwa kila siku na haina mjadala. Kinachojadiliwa ni gharama ya ufundi, na hapo usione haya.

Istanbul haina tatizo la siku ya nne. Tatizo lake ni kwamba hata siku ya nane haitoshi. Hagia Sophia ilikamilika mwaka 537 ikiwa kanisa, ikawa msikiti baada ya Waothmani kuuteka mji mwaka 1453, ikawa makumbusho katika miaka ya 1930, na ikarudi kuwa msikiti Julai 2020. Tangu Januari 2024 mtalii wa kigeni hulipa yuro 25 kupanda roshani ya juu, wakati wanaokwenda kuswali wana lango lao lisilo la tiketi. Ng'ambo ya uwanja uko Msikiti wa Sultan Ahmed wenye minara sita, ambao hauna kiingilio. Kasri la Topkapı, walimokaa masultani kwa takriban miaka 400, hufungwa Jumanne. Kasri la Dolmabahçe hufungwa Jumatatu. Kapalıçarşı, soko kuu lenye mapaa, hufungwa Jumapili. Zingatia siku hizo tatu unapopanga, maana msafiri wa siku tano anaweza kukosa mawili kati ya matatu kwa uzembe wa kalenda.

Kama una nafasi ya msikiti mmoja tu, mimi ningekupeleka Süleymaniye, kazi ya mjenzi Sinan iliyokamilika mwaka 1557. Foleni ni fupi, na ua wake wa nyuma hutazama mkono wa bahari uitwao Pembe ya Dhahabu na vivuko vinavyopishana chini. Na siku ya nne? Panda kivuko kutoka Eminönü hadi Kadıköy. Kwa nauli ndogo ya kadi ya Istanbulkart utatoka Ulaya na kuingia Asia kwa muda wa chai moja, na chai yenyewe huuzwa humo humo katika bilauri zilizobanwa kiuno. Mashua za watalii kwenye Bosphorus, mlango wa bahari unaotenganisha pande hizo mbili, hutoza mara nyingi zaidi ya nauli hiyo kwa maji yale yale.

Neno kuhusu manunuzi, kwa kuwa hakuna Mswahili anayerudi mikono mitupu. Laleli maduka mengi huuza kwa seri, yaani fungu lenye saizi zote za nguo moja, hivyo anayetaka gauni moja la harusi ya dada yake atakataliwa kwa upole mlango baada ya mlango. Nunua nguo moja moja kwenye mitaa ya kawaida ya maduka, kama vile Kadıköy. Vyombo vya umeme na simu ni vya Dubai.

Hatua ya nne: Fuatilia viza kabla ya kulipa chochote

Viza ya Dubai kwa pasi nyingi za Afrika Mashariki hupatikana kupitia shirika la ndege unalosafiri nalo, hoteli, au wakala wa usafiri, nayo hutolewa kwa intaneti bila kupeleka pasi popote. Ya Uturuki hutegemea zaidi mazingira yako. Wenye baadhi ya pasi huruhusiwa viza ya intaneti kwa masharti, na sharti la kawaida ni kuwa na viza hai au kibali cha ukaazi cha nchi za Schengen, Uingereza, Marekani au Ireland. Asiyekuwa nacho huomba viza ya kubandikwa, akipeleka taarifa za benki, barua ya mwajiri na nafasi ya hoteli, na kusubiri. Ingia kwenye tovuti rasmi ya viza ya serikali ya Uturuki, chagua jina la nchi yako, na usome masharti yanayotokea siku hiyo, kwa sababu hubadilika. Kuwa macho na tovuti zinazofanana na ile rasmi. Mimi mwenyewe niliwahi kulipa mara mbili ya ada halali kwa moja ya hizo, na fedha sikurudishiwa.

Kwa miji yote miwili pasi iwe na angalau miezi sita iliyobaki. Ikiwa imebaki wiki tatu hadi safari na huna sharti lolote kati ya hayo ya Uturuki, basi umeshaamua: ni Dubai.

Hatua ya tano: Gawa fedha katika mafungu mawili

Fungu la kwanza ni zile unazolipa kabla ya kuondoka: tiketi, viza, hoteli, bima. Fungu la pili ni zile zitakazotoka mfukoni kila siku ukiwa huko, na hili ndilo wengi hulikadiria vibaya. Tiketi ya Dubai mara nyingi ni nafuu zaidi kwa sababu ni safari ya takriban saa tano kutoka Nairobi na tano na nusu kutoka Dar es Salaam, ilhali Istanbul ni karibu saa saba. Nafuu hiyo inaweza kuliwa na siku mbili za teksi na viingilio.

Dirhamu imefungwa kwenye dola ya Marekani kwa kiwango cha 3.6725 tangu mwaka 1997, hivyo bei za Dubai unaweza kuzipanga miezi sita kabla bila wasiwasi. Nauli ya metro kwa Nol ya kawaida, yaani kadi ya usafiri wa umma, ni kati ya dirhamu 3 na 7.5, lakini teksi ya kutoka uwanja wa ndege huanza kuhesabu ikiwa tayari na dirhamu 25. Hoteli huongeza tozo ya utalii ya dirhamu 7 hadi 20 kwa chumba kwa usiku, ambayo mara nyingi haionekani kwenye bei uliyoiona mtandaoni. Tiketi ya kupanda Burj Khalifa ni ghali zaidi saa za machweo. Panda asubuhi na uitunze tofauti hiyo kwa chakula cha jioni.

Lira ya Uturuki ni habari nyingine. Mfumuko wa bei ulifika asilimia 85 Oktoba 2022, na bei unazosimuliwa na aliyekwenda miaka mitatu iliyopita hazina maana yoyote leo. Usibadilishe fedha zote siku ya kwanza. Viingilio vya makumbusho makubwa kwa wageni vimekuwa ghali, na familia ya watu wanne inaweza kutumia fedha nyingi kwa makasri mawili tu. Kwa upande mwingine misikiti ni bure, usafiri wa umma ni rahisi, na mkate wa simit wenye ufuta mkononi hukufikisha mchana. Kwa hesabu zangu, wanaotembea kwa miguu na kula mitaani hutumia kidogo Istanbul, na wenye watoto wanaotaka michezo ya kulipia watatumia nyingi popote watakapokwenda.

Hatua ya sita: Pima tahadhari za kila mji

Dubai ni salama mno dhidi ya uhalifu wa mitaani, na mwanamke anayesafiri peke yake atatembea usiku bila hofu. Hatari yake iko kwenye sheria. Dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli zinadhibitiwa vikali, hivyo mwenye kuzitumia aombe kibali mapema na abebe cheti cha daktari. Usimpige mtu picha bila ridhaa yake, na usile ndani ya metro, kwani faini ni dirhamu 100.

Istanbul sheria si kali kiasi hicho, lakini wajanja wapo. Mpiga viatu rangi atadondosha burashi mbele yako. Ukimwokotea, atakusafisha kiatu kwa shukrani kisha akutajie bei. Kijana mchangamfu atakayekualika kinywaji karibu na uwanja wa Taksim usimfuate, kwa sababu ankara ya baa hiyo italetwa na mabaunsa. Baadhi ya teksi hukataa safari fupi, nawe usibishane, tafuta tramu.

Hatua ya saba: Kata shauri na uweke nafasi

Ukifika hapa, kwa kawaida mji mmoja umeshajitenga. Ikiwa bado inalingana, acha viza na mwezi viamue, si bei, maana bei unaweza kuipunguza kwa kukaa siku chache zaidi nyumbani, lakini joto la Julai na viza iliyokataliwa huwezi kuvipunguza. Wanaounganisha kwenda Ulaya kumwona ndugu wana njia ya tatu: Turkish Airlines huwapa abiria wenye saa nyingi za kusubiri kati ya ndege mbili matembezi ya bure ya mji, ilimradi waruhusiwe kuingia nchini. Ni njia nzuri ya kuionja Istanbul huku likizo yenyewe ukiiweka Dubai mwaka mwingine.

Weka hoteli kabla ya tiketi, lakini ile inayokubali kufutwa bila malipo. Dubai, kaa Deira au Bur Dubai karibu na kituo cha metro. Pwani ya Marina ni nzuri, ila utailipia kila usiku. Istanbul, kaa Sirkeci kama ni mara ya kwanza, kwa kuwa tramu, treni ya Marmaray ipitayo chini ya Bosphorus na vivuko vyote viko hatua chache, au Kadıköy kama ni mara ya pili na unataka kulala mahali wakazi wenyewe wanapokula. Saa za Istanbul ni sawa na zetu mwaka mzima, na Dubai iko mbele kwa saa moja tu, hivyo uchovu wa kubadili saa usiuingize kwenye mahesabu.

Mwisho, soma jina la uwanja wa ndege kwenye tiketi kabla ya kubonyeza kulipa. Istanbul ina viwanja viwili, ule mkubwa wa upande wa Ulaya na Sabiha Gökçen wa upande wa Asia, na anayetua Sabiha Gökçen saa nane usiku akiwa na hoteli Sirkeci atalipa teksi ya kuvuka bara zima.